Mwonjaji Mkuu wa Mazwi

Mtu akikuambia kwamba maharage ya mkewe yana mwili mzito na mwisho mrefu, usikimbilie kumpeleka hospitali. Muulize kwanza kama hajatoka semina. Mimi sikuuliza. Siku jirani yangu Bwana Isakwisa aliporudi kutoka Dodoma na kuyasema maneno hayo mbele ya kaunta yangu, nilikuwa nampimia mteja misumari, nikadhani ni uchovu wa basi.

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mazwi, mjini Sumbawanga, na nyumba yake iko nyuma ya duka langu. Isakwisa ni mtu wa Mbeya, pande za Tukuyu. Aliletwa Sumbawanga angali kijana kuwa bwana shamba, na tofauti na wenzake wengi waliofika na begi moja huku wakilia wahamishwe, yeye alijenga. Kazi yake aliijua. Wakulima wa mahindi walikuwa wanaisimamisha pikipiki yake njiani wamwonyeshe jani lenye madoadoa, naye analigeuza, anasema ni mbolea imekosekana au ni mdudu, basi, habari imeisha. Mkewe Sekela anauza vitenge sokoni, na mtoto wao wa pekee, Timoth, ni fundi simu. Ni familia ambayo ungeweza kuishi nayo jirani miaka mingi bila kupata cha kusimulia, na mimi nilikuwa nimeridhika kabisa na hali hiyo.

Kisha ikaja semina ya zabibu.

Huku kwetu juu ya uwanda wa Ufipa tunalima mahindi, ulezi, maharage na alizeti. Zabibu tunaziona zimechorwa kwenye boksi la juisi. Lakini semina ilitaka mwakilishi wa kila mkoa, na kiti cha Rukwa kisingeachwa wazi kwa sababu ndogo kama ya kutokuwa na zabibu. Ofisini kwao wakatazamana, wakaona Isakwisa hajasafiri siku nyingi, wakampa yeye. Akaenda kujifunza kupogolea mizabibu ambayo hana na hatakuwa nayo, na siku ya mwisho, ili washiriki wasirudi makwao na kiu, wakafundishwa kuonja mvinyo. Hiyo siku ya mwisho ndiyo iliyotuharibia mtu.

Alirudi na cheti, glasi moja ya mguu mrefu iliyoviringishwa kwenye taulo, na maneno. Cheti alikitundika sebuleni. Glasi aliiweka kabatini, juu ya vyombo vizuri vya Sekela. Maneno hakuwa na pa kuyaweka, ikabidi atubebeshe sisi.

Kwa haki, maneno yenyewe si ya kijinga, na aliponieleza niliyaelewa. Mvinyo mkavu, alisema, ni ule usio na sukari, zabibu zimechachuka mpaka utamu wote ukaisha. Mwili ni uzito wa kinywaji mdomoni: maji hayana mwili, mtindi unao, na mvinyo uko mahali fulani katikati. Ukakasi ni kile kinachokubana ulimi na ufizi unapong'ata ndizi mbichi, au unapokunywa chai iliyosahauliwa jikoni na majani yake. Ukali ndio unaojaza mate mdomoni, kama ndimu. Mwisho ni muda ambao ladha inabaki baada ya kumeza. Pua ni harufu. Ukizungusha glasi, ile mistari inayoteremka pembeni inaitwa miguu, na mvinyo uliofunguliwa sasa hivi unaachwa kidogo upumue. Mpaka hapo nilikuwa naye. Tuliachana pale alipoanza kunitajia vitu vilivyomo ndani ya mvinyo ambavyo havimo.

"Mwekundu mzuri," aliniambia, "unasikia beri nyeusi, cheri, tumbaku, ngozi, na kwa mbali udongo uliolowa."

Nikamuuliza nani ameweka ngozi humo. Akasema hakuna aliyeiweka, ni namna ya kusema tu, pua inakumbuka. Nikamuuliza kama amewahi kula cheri. Akasema hapana. Na beri nyeusi je? Hapana. Basi pua yako inakumbuka nini, nikamuuliza. Akasema mwalimu wao ndiye aliyesema hivyo, na mwalimu mwenyewe hajawahi kuzila, ila naye alifundishwa. Nikamwachia hapo, maana kulikuwa na mteja wa bati anasubiri.

Angeishia kwenye mvinyo tungepona, kwa kuwa mvinyo si kinywaji cha kila siku Mazwi. Lakini mtu aliyefundishwa kuonja haonji kimoja. Chai ya Sekela ikawa na ukakasi uliozidi. Uji wa ulezi ukawa na mwili. Maji ya bomba yakapewa pua ya kutu. Msibani aliletewa soda, akaiinua kwenye mwanga, akaizungusha, akainusa macho ameyafumba, wafiwa wanamtazama. Kanisani kwao, siku ya meza ya Bwana, alibaki na divai mdomoni akiihamisha kutoka shavu hili kwenda lile, mpaka mchungaji akasimama kungoja ameze.

Ungetegemea watu wamcheke. Basi huujui mji wetu. Kamati za harusi zikaanza kumwalika meza kuu. Mshereheshaji anatangaza kwamba kabla maharusi hawajagonganisha glasi, mtaalamu wetu wa ladha atathibitisha kinywaji. Ukumbi unanyamaza. Isakwisa anasimama na glasi yake, anatazama, anazungusha, ananusa, anapiga funda, anatema kwenye ndoo iliyofungwa utepe wa rangi za sare, kisha anatoa hukumu. "Mwili wa kati," anasema, na watu wanapiga makofi. Huo mwili wa kati mimi niliujua kama chupa ya bei rahisi kuliko zote katika duka la jumla. Haukupita muda nikaanza kuwaona watu wazima, wenye vyeo na vitambi vyao, wakinusa Fanta.

Nilikasirika kuliko ilivyostahili, na sababu naijua. Mkulima akimletea jani la mhindi, siku hizi Isakwisa alikuwa analinusa.

Mwanawe Timoth hakuwa na maneno hata ya kuazima. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mikono hodari, ulimi mzito. Dominika alimpelekea simu iliyopasuka kioo, na simu ile ikatengenezwa, ikaharibika, ikatengenezwa tena, mara nyingi kuliko simu nyingine yoyote Sumbawanga, mpaka Dominika mwenyewe akamwambia kama ana la kusema aseme. Dominika ni binti wa Malangali, hapo pembeni ya mji wetu, anafundisha shule ya msingi kule Wampembe, ziwani. Timoth alikuwa anaiteremka njia ile mbaya kwa pikipiki, mvua na jua, kwenda kumsalimia tu na kurudi. Nilimpenda kijana yule kwa hilo. Hakuwa amewahi kutaka kitu kingine maishani kwa nguvu hiyo, na nyumbani kwao wote walijua kwamba akimkosa Dominika hatajaribu tena.

Nikafanywa mshenga, kwa kuwa mimi ni Mfipa na kwa kuwa mimi na Mzee Wilibrodi, baba yake Dominika, tunasali parokia moja. Safari ya kwanza nilikwenda peke yangu na mambo yalikwenda vizuri. Mzee ni mkulima wa mahindi na ulezi, mtu mpole asiyependa kuzungushana. Alisema binti ameshaamua, wao hawana kinyongo, na la mahari litazungumzwa bila kuumizana. Kilichobaki ni wazazi waonane, wale na kunywa pamoja. Mkewe Bertila akasema atapika pombe ya ulezi kwa mikono yake mwenyewe. Hilo si jambo dogo. Bertila ndiye anayepika pombe ya sherehe ya somo, mtakatifu msimamizi wa kigango chao, kila mwaka, na huko Malangali mtu akisema pombe fulani ilikuwa kama ya Bertila, amemaliza kusifu.

Kabla ya kwenda nilimwomba Isakwisa aiache glasi nyumbani, nikamkumbusha na desturi, ingawa kwa miaka aliyoishi kwetu hakuhitaji kukumbushwa. Kwetu pombe haikabidhiwi hivi hivi. Aliyeipika anaionja kwanza mbele ya mgeni, kwa kata ile ile ya kibuyu atakayopewa mgeni, ili ijulikane kwamba kama kuna jambo humo ndani, limeanza na mwenye nyumba. Baada ya hapo unapokea kwa mikono miwili, unakunywa. Huichungulii na huinusi. Kuinusa ni kuuliza swali, na swali lenyewe kila mtu analijua. Nchi nzima inatutania watu wa Sumbawanga kwa uchawi, kwa radi na ungo. Mtumishi akihamishiwa huku, ndugu zake wanamuaga kama anakwenda vitani. Tunacheka nao. Lakini utani ule ukiingia uani kwa mwanamke aliyeanza kuzeeka, hauchekeshi tena. Nimemwona bibi akihama kijiji alichozaliwa kwa sababu ya neno lililosemwa kisimani.

Isakwisa alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ameelewa.

Malangali tulipokelewa vizuri. Shikamoo zilitolewa na kuitikiwa, Sekela akachukuliwa kwenda kukaa na kina mama, Timoth akakaa karibu na mlango ndani ya koti linalombana, ugali ukaja na kuku. Walikuwepo ndugu wa Mzee na majirani kadhaa, akiwemo Mama Mboje, ambaye huhitaji kumwalika ili awepo. Tulipokwisha kunawa, Bertila akaingia na chungu, akapiga magoti, akachota kwa kata, akaonja, akafuta ukingo kwa kiganja, akampa Isakwisa.

Hapo ndipo rafiki yangu alipoingiza mkono ndani ya koti, akatoa taulo.

Sijawahi kuichukia glasi kama siku ile. Aliimimina pombe kutoka kwenye kata ya mama wa watu, kidogo, kwa uangalifu, akaiinua kuelekea dirishani. Akaizungusha. Akaingiza pua yote. Alikuwa na furaha, na hilo nalisema kwa kumtetea: machoni pake alikuwa anampa Bertila heshima kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, ile waliyopewa waheshimiwa wa meza kuu. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akausogeza mguu wake pembeni. Akapiga funda, akaliviringisha mdomoni, akainuka, akaenda mpaka mlangoni, akampita mwanawe, akatema uani. Kuku wakaja kuangalia.

"Niseme ukweli," alianza huku akirudi kukaa, "hiki ni kitu kikubwa. Mwili mzito. Ukali wa kutosha. Na humu ndani nasikia moshi, nasikia ngozi, na kwa mbali nasikia udongo. Udongo mbichi, ule uliochimbuliwa sasa hivi."

Mzee Wilibrodi alikuwa anatazama mikono yake. Aliyeuliza ni Mama Mboje, tena kwa sauti ya chini.

"Ngozi ya nini?"

"Ngozi tu, mama," Isakwisa akamjibu kwa uchangamfu. "Ya zamani zamani."

Bertila alikuwa bado amepiga magoti. Aliichukua kata pale mezani, akanywa yote iliyobaki bila kupumua, akainuka, akatoka. Mzee Wilibrodi akasema wageni wametoka mbali na bila shaka wamechoka. Kutoka Mazwi mpaka Malangali watu wanakwenda kwa baiskeli. Tukaelewa, tukasimama. Timoth alikuwa wa mwisho kutoka. Alisimama pale alipotema baba yake, akapafukia kwa kiatu.

Njiani Isakwisa alitaka kujua kama hakusifu vya kutosha.

Kufikia katikati ya wiki habari ilikuwa sokoni. Mama Mboje hakuongeza chumvi, na huo ndio ulikuwa ubaya wenyewe. Alisema yale tu aliyoyaona: kwamba mgeni, tena mtumishi wa serikali, tena mtaalamu mwenye cheti ambaye mji mzima unamngoja aseme ndipo unywe, aliinusa pombe ya Bertila, akaitema, akataja ngozi na udongo uliochimbuliwa. Nani angebisha? Sisi wenyewe ndio tuliompa mamlaka hayo kwa makofi yetu ukumbini. Wanawake wa jumuiya wakaamua kwamba mwaka huu sherehe ya somo itakuwa ya soda, eti kwa kuwafikiria vijana. Watu waliozoea kukatiza uani kwa Bertila wakapata njia nyingine za kupita. Mtoto wa jirani akaumwa tumbo, kama watoto wanavyoumwa tumbo, na mama yake akataka kujua alikula wapi. Dominika alipanda kutoka Wampembe kuja kukaa na mama yake, akampigia Timoth simu, akamwambia hawezi kuolewa kwenye nyumba iliyomfanya mama yake aitwe hivyo. Hakulia, Timoth aliniambia. Angelia ingekuwa afadhali.

Isakwisa kwanza hakuelewa, halafu akaelewa nusu, ambayo ni mbaya zaidi. Alikuja dukani na mpango. Aende Malangali, akusanye watu, awaeleze maana ya maneno: kwamba ngozi ni sifa, udongo ni sifa, kutema ni utaalamu. Mimi niwe mkalimani wa Kifipa kwa ajili ya wazee. Nilimjibu kwa sauti ambayo wateja wote waliisikia kwamba siku nitakayomtafsiria mzee wa Malangali kuwa udongo uliochimbuliwa ni sifa, tutafukiwa humo humo wote wawili, na cheti chake tutawekewa juu.

Akasema watu hawataki kuelimika. Nikamwambia atoke dukani kwangu.

Hakutoka, kwa sababu Timoth alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani. Alikuwa hajanyoa, na macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala. Alimwamkia baba yake kama siku zote, kisha akauliza polepole, kama mtu anayefungua simu asiyotaka kuivunja.

"Baba, ulipoitema pombe ya Mama Dominika, ulimwona uso?"

Isakwisa hakuwa amemwona. Siku ile yote alikuwa anaitazama glasi. Alikaa juu ya mfuko wa saruji, akakaa hapo mpaka suruali yake ikawa nyeupe, na wateja wakawa wananunua kwa kunong'ona. Mwishowe akaniuliza sasa inafanywaje. Tangu atoke Dodoma lilikuwa ndilo swali la kwanza nililomsikia akiuliza bila kulijibu mwenyewe.

Nikarudi Malangali peke yangu. Mzee Wilibrodi alinisikiliza vizuri, akasema jambo hili si lake, ni la mwenye chungu. Bertila alikuwa nyuma ya nyumba anapepeta ulezi. Nilimwomba radhi kwa niaba ya wote, nikaeleza nilivyoweza. Aliendelea kupepeta. Alikuwa amekonda kwa wiki chache zile, na mimi niliyekwenda na maneno mengi nikaona haya kuyamalizia.

"Aje Jumapili nitakayomwambia, watu wakitoka misa," alisema. "Akae hapa nje, siyo ndani. Anywe kwa kata yangu. Nikimuuliza ikoje, anijibu kama mtu."

Ulikuwa mwezi wa sita, na mwezi wa sita kwetu baridi inakata masikio. Pombe ya ulezi haiipendi baridi. Mpishi aliyetulia anajua kuibembeleza, anakifunika chungu, anakisogeza karibu na moto kidogo, anakirudisha. Bertila hakuwa ametulia. Ilikuwa ndiyo pombe yake ya kwanza tangu jina lake liharibiwe, na kwa hofu ya kuikuta haijaiva aliibana na moto kupita kiasi. Lakini hayo niliyajua baadaye.

Jumapili hiyo watu walijaa uani kuliko wanavyojaa misa. Waliegemea kuta, wakapanda juu ya matofali, na Mama Mboje alikuwa mbele kabisa. Isakwisa alifika na Sekela na Timoth. Sekela alikuwa amempekua mifuko yote kabla hawajatoka nyumbani, hata ya ndani, na alinihakikishia hivyo bila mimi kuuliza. Akapewa kigoda katikati ya uwanja. Alikaa ameshika magoti, mtu mzima mwenye mvi, anangoja.

Bertila akaja na chungu, akachota, akaonja. Nilikuwa karibu, nikamwona. Midomo yake iliingia ndani kidogo, na kwa muda hakuyatoa macho kwenye kata. Harufu ikanifikia na mimi, chachu, kali ya kubana pua. Pombe ilikuwa imepitiliza. Ilikuwa imeharibika, kwa lugha nyepesi. Yeye alijua na mimi nilijua, na angefanya nini? Kuimwaga mbele ya wale watu kungekuwa ni kukiri yote waliyomsema. Akafuta ukingo kwa kiganja, akaipeleka kata kwa mikono miwili.

Na aliyeipokea ni nani? Ni mtu aliyesomeshwa kutambua kasoro ya kinywaji. Uso wake haukuwahi kuficha hata funda la maji ya bomba. Alikuwa na neno kwa kila ubaya uliokuwa ndani ya kata ile, na hakuhitaji hata kulisema. Kukunja paji la uso mara moja tu kungetosha kummaliza mwanamke yule katika mtaa alioishi tangu aolewe. Timoth alikuwa ameziba mdomo kwa ngumi. Mimi nilimwomba Mungu, na simsumbui mara kwa mara.

Isakwisa hakuitazama kata. Alimtazama Bertila machoni, akainua, akanywa. Alikunywa taratibu, bila kusimama, koo likipanda na kushuka, na ingawa macho yalimjaa maji, uso wake ulibaki umetulia kama wa mzee wa kanisa anayesikiliza matangazo. Alipomaliza akaigeuza kata chini juu ili watu waone.

"Ikoje?" Bertila akamuuliza.

"Nzuri, mama," alisema Isakwisa. "Niongezee."

Akaongezewa, akanywa, akaomba nyingine. Watu wakaanza kusogea. Mzee Wilibrodi akanywa, ndugu zake wakanywa, kata ikazunguka, na kwa kuwa mtaalamu alikuwa ameshathibitisha, kila aliyeipokea alifinya jicho moja na kusema nzuri. Mama Mboje alisema hajawahi kunywa nzuri kama ile hapo kwa Bertila, akataka na kujua ni nani aliyeleta wazo la soda kwenye sherehe ya somo. Mji ulioweza kuipigia makofi chupa ya bei rahisi haukushindwa na chungu kimoja cha pombe iliyochacha. Nami nilikunywa, na nilisema nzuri, na ningeapa hivyo hata mbele ya hakimu.

Kata ilipomrudia Bertila, Isakwisa akanyoosha mikono tena. Alikuwa ameanza kubadilika rangi. Bertila aliinama kuelekea kwenye chungu, lakini hakuchota. Akasema kwa sauti ambayo waliokuwa mbali hawakuisikia.

"Inatosha, mzazi mwenzangu. Nyingine utakunywa siku ya harusi. Hiyo nitaipika vizuri."

Isakwisa akainamisha kichwa. Dominika alikuwa mlangoni, ameegemea fremu. Alimtazama Timoth, Timoth akatazama viatu vyake, kisha akanyanyua uso, wakatazamana mpaka Sekela akaanza kulia.

Nilimrudisha Isakwisa kwa pikapu yangu ya kubebea saruji, wenzetu wakabaki kula. Tulipofika kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa alinigonga begani. Nikasimamisha. Alishuka, akaingia kati ya mabua, akainama akishika magoti, akatapika kila kitu, kwa muda mrefu, mtu wa watu. Nilimpelekea chupa ya maji. Barabara ilikuwa tupu huku na huku.

"Sasa tuko wawili tu," nilimwambia. "Niambie. Ile pombe ilikuwaje?"

Alisukutua, akafuta mdomo kwa leso. Niliona yanamjia, maneno yote aliyotoka nayo Dodoma, na safari hii kila moja lingekuwa la kweli.

"Ilikuwa nzuri," akasema, akapanda gari.